Tuanze na umri

Swali lenu la wiki hii linauliza: serikali ifanye nini ili msaada wa chakula na fedha uwafikie wasiojiweza hasa, usiishie kwa wajanja? Jibu langu ni kwamba serikali ipunguze kuchagua. Kwa wazee iache kabisa. Kila aliyefika miaka 70 apewe pensheni ndogo ya kila mwezi, awe analala kwenye nyumba ya bati au tembe, awe na watoto mjini au hana hata mmoja.

Nimekulia Kongwa, mkoani Dodoma. Kwetu mvua ikikata mwezi wa pili, mtama unanyauka kabla haujatoa masuke, na kila mtu anajua mwaka utakuwaje. Chakula cha msaada nimekiona kikigawiwa tangu utotoni. Lori linashusha magunia ofisi ya kijiji, kisha inatakiwa orodha: wajane, wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, kaya zisizo na nguvu kazi. Magunia siku zote ni machache kuliko majina. Mwenyekiti wa kitongoji anasoma jina, sauti ya nyuma inasema huyo ana mbuzi. Anasoma jingine, anaambiwa mwanawe anaendesha bodaboda. Mama mtu mzima anasimama mbele ya majirani zake kueleza kwamba mbuzi walishauzwa, na huyo wa bodaboda hajatuma kitu tangu mwaka jana.

Mwaka mmoja watu walichoshwa na ubishi ule. Wakaamua magunia yafunguliwe na kila kaya ipimiwe sawa, kwa kopo la kilo. Wanawake wakaondoka na mahindi ya siku chache, yamefungwa kwenye kanga. Maofisa waliofika baadaye walikasirika kwamba mwongozo haukufuatwa. Mimi naona wanakijiji walikuwa wameelewa jambo kubwa: pale ambapo karibu kila nyumba ina njaa, aliyekuwa wa mwisho kuandikwa na wa kwanza kuachwa wametofautiana debe moja la mtama, na mwezi ujao wanaweza kubadilishana nafasi.

Sisemi TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, haijafanya kitu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha dodoso linajazwa kuhusu paa, kuta, mifugo na wategemezi. Kuna watoto waliobaki shuleni na kupelekwa kliniki kwa sababu ya ruzuku ile, na ningeumia kuona inakatwa. Ila dodoso linaeleza hali ya siku lilipojazwa. Ng'ombe wakifa wiki inayofuata, au baba akipooza, kaya hiyo inasubiri uandikishaji mwingine, nao haufanyiki kila mwaka. Tena mpango unatarajia kaya ijikwamue kwa mradi wa kuku au mbuzi, kisha ihitimu na kutoka. Kwa mtu mwenye nguvu ni sawa. Bibi wa miaka 78 anayelea wajukuu watatu atahitimu kwenda wapi?

Hata msamaha wa matibabu kwa wazee wa kuanzia miaka 60, uliotajwa kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ulielekezwa kwa mzee asiye na uwezo. Maana yake ni kwamba lazima athibitishwe kwanza kuwa hana. Mtu aliyelima miaka hamsini asiombe barua ya kuthibitisha ufukara wake ndipo atibiwe.

Wenzetu wa Zanzibar walishalimaliza suala hili. Mwezi Aprili 2016 walianza kulipa Pensheni Jamii: kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 alipata shilingi 20,000 kwa mwezi, na kiwango kikaja kupandishwa hadi 50,000. Sheha, yaani kiongozi wa shehia, anathibitisha umri na ukaazi, basi. Haulizwi mtu ana mikarafuu mingapi. Na fedha hizo zinatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe, si kwa mfadhili anayeweza kuondoka kesho. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, tangu 2018 inawalipa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine. Malipo yamewahi kuchelewa kwa miezi, na hilo ni kosa kubwa, lakini mlango uliwekwa wazi kwa wote. Lesotho, nchi ndogo isiyo tajiri, inawalipa wazee wake tangu 2004.

Najua nitakachojibiwa: je, jaji mstaafu naye alipwe? Tufanye kama Kenya, mwenye pensheni ya utumishi asiingizwe. Hilo linaonekana kwenye kumbukumbu za mifuko ya hifadhi ya jamii kama PSSSF na NSSF, halihitaji mtu kuchunguliwa jikoni kwake. Mfanyabiashara tajiri wa miaka 72 atapita, ndiyo. Ni heri apite huyo mmoja kuliko kuwaacha nje akina bibi kumi kwa sababu jirani alisema wana mbuzi.

Na fedha ya mzee haibaki kwa mzee. Hapa kwetu ukiona nyumba yenye bibi na wajukuu bila wazazi katikati, shilingi ya bibi ndiyo unga, sabuni, daftari na mafuta ya taa. Hapo ndipo suala la chakula linapokutana na la fedha. Mwaka wa njaa mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, huletwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Ni kazi nzuri, na bei sokoni hutulia. Lakini nafuu ni kwa mwenye pesa. Nimewaona wazee wamekaa pembeni ya foleni ya mahindi ya bei nafuu, hawana hata hiyo bei nafuu. Wangekuwa na 20,000 mkononi wangepanga foleni kama wengine, na magunia ya bure yangebaki kwa maafa makubwa, mafuriko au ukame wa kupitiliza, ambapo dukani hakuna cha kununua.

Pensheni haitamuogesha mzee aliyelala kitandani wala kumpeleka hospitali. Makazi ya serikali kama Fungafunga ya Morogoro na Kolandoto ya Shinyanga hayawezi kubeba wote, na wengi wasingependa kuondoka kwao. Ningependa ofisa ustawi wa jamii afike kijijini bila kusubiri mtu apotelewe na fahamu. Akiwa na orodha ya kila mzee anayelipwa, atajua pia nani hakuja kuchukua fedha mwezi huu, na aanzie nyumba hiyo.

Kuthibitisha umri kuna shida zake, maana wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo kijiji kinajua nani alikuwa ameshaolewa bendera ya uhuru ilipopandishwa 1961. Kuna jambo jingine dogo lenye madhara: vidole vya mtu wa jembe la mkono hulika, mashine ya alama za vidole ikamkataa. Iwepo njia ya pili ya kumtambua siku hiyohiyo, kwa mfano mjumbe na jirani wawili, asirudishwe nyumbani mikono mitupu.

Kama bajeti haitoshi, tuanze juu tushuke. Uganda hulipa shilingi 25,000 za kwao kwa mwezi kwa waliofika miaka 80. Bara nasi tuanze na 80 mwaka huu wa fedha, nchi nzima kwa siku moja, kisha 75, kisha 70. Na wabunge wetu waseme hadharani ni lini.