Maswali yenu: loda ndogo ya kazi za bustani, tuchukue ipi?

Meseji za hizi loda ndogo zimekuja nyingi, nimeokota chache tu manake zingine zinauliza jambo lilelile.

Nataka kuingia kazi za bustani majumbani hapa Mombasa, Nyali na Bamburi hivi. Nichukue ya tairi ama ya treki (ile mikanda ya mpira)?

Kaka, kwanza chukua tepu ukapime mageti ya wateja wako, mambo ya tairi na treki yatafuata. Nyumba nyingi huku ukishapita geti kubwa la gari ushamaliza, bustani yenyewe iko nyuma na njia ya kwenda huko ni kichochoro kati ya ukuta na jiko, mita moja, saa zingine haifiki. Skidstia ya kawaida, yaani hizi loda ndogo zenye baketi mbele, upana wake unapita mita moja na nusu, sasa utaiacha mbele ikitazama maua halafu vijana wabebe mchanga kwa wilbaro na mashine unailipia. Kwa kazi ya nyuma ya nyumba tafuta za upana wa sentimita 90 hivi, kama Bobcat S70, ama hizi ndogo ambazo opareta anasimama nyuma kama Toro Dingo.

Haya, tairi ama treki. Kwa mchanga mkavu wa Nyali treki inashinda, uzito unatandazwa, tairi nyembamba zinajichimbia zenyewe mpaka tumbo liguse chini. Pia kama utavuka kwenda Changamwe na Miritini wakati wa masika, ule udongo wa mfinyanzi ukilowa tairi zitateleza tu. Lakini kama kazi zako nyingi ni kabro na ua lenye matumbawe yametokeza, bwana chukua tairi, manake jiwe la tumbawe lina makali na treki ya mpira ikichanika bei yake utakaa chini. Zote mbili zinageuka kwa kuburuta upande, kwa hiyo Pemba grass ya mteja itang'oka ukizungusha palepale. Geuka kidogo kidogo, mbele na nyuma, na utandike plaiwudi. Kama nyasi zishaota na mteja ni mkali kuna Avant za Finland, hizo zinakunjika katikati wakati wa kugeuka, nyasi zinapona.

Muuzaji anasema mashine yake inabeba kilo 500, mwingine ya treki kilo 350. Si nichukue ya 500?

Subiri kwanza. Ile namba sio uzito ambao mashine inaweza kuunyanyua mpaka mwisho, inatokana na uzito unaoipindua. Kwa tairi wanachukua asilimia 50 ya huo uzito, kwa treki kawaida ni 35. Yaani mashine mbili zinazopinduka kwa kilo 1,000, ya tairi itaandikwa 500 na ya treki 350, hapo nguvu ni sawasawa! Wengine wanaandika ya treki kwa asilimia 50 ili ionekane kubwa, kwa hiyo muulize ni asilimia ngapi na akianza kuzungukazunguka ushajua.

Halafu piga hesabu ya baketi. Mchanga uliolowa ni kama kilo 1,800 mpaka 2,000 kwa kyubiki mita moja. Baketi ya kyubiki 0.2 tu ikijaa ushafika kilo 360 na zaidi, na ile S70 niliyotaja juu imeandikwa karibu kilo 340. Ndio maana unaona opareta anapandisha baketi na tairi za nyuma zinaelea, watu wanacheka, mie sicheki. Mzigo ubaki chini karibu na ardhi ukitembea, na kama mchanga umenyeshewa usijaze.

Hii mashine itaharibu septiki yangu? (Mama mmoja wa Bamburi)

Inaweza, mama. Loda ya kawaida ni tani 3 hivi kabla hujaweka mzigo, na mfuniko wa septiki ulimwagwa kwa ajili ya watu kupita. Mwambie aliyejenga akuonyeshe septiki, soku piti (shimo la kunyonya maji machafu) na tangi la maji la chini viko wapi, uweke vijiti na kamba kabla fundi hajafika. Asiyetaka kuziheshimu kamba, msimruhusu kuingia.

Nataka kuchimba mashimo ya minazi, chini ni tumbawe tupu. Loda ndogo itaweza?

Baketi haitaweza, itakwaruza tu. Utahitaji keekee la mashimo lenye meno ya mwamba, yale ya udongo yataisha mapema, ama breka, ile nyundo ya kuvunjia mwamba. Sasa hapo angalia oili ya haidroliki inatoka lita ngapi kwa dakika, S70 inatoa kama 37, na keekee lina kiwango chake kwenye kitabu. Vikipishana litazunguka kivivu na oili itachemka. Kama ni mashimo machache waite vijana wenye mtaimbo, nasema kweli.

Nanunua ama nakodisha?

Kazi zikiwa za kubahatisha, kodisha.

Nimepata yuzd kutoka Japani, Toyota, inang'aa rangi. Niangalie nini?

Rangi wacha. Piga magoti utazame chini, kwenye maungio ya mikono na pini za baketi, shika baketi uitikise, ikicheza sana pini na bushi zimekwisha. Vyuma vya silinda viwe laini, ukipitisha kucha ikanasa kwenye vijishimo vya kutu basi sili zitavuja, na kwa hewa hii ya chumvi yetu kutu hailali. Mita ya saa usiiamini peke yake, linganisha na vile pedali na kiti vimechakaa. Na uiwashe ikiwa baridi. Akikwambia ameshaiwasha asubuhi ili isikusumbue, mwambie utarudi kesho, halafu wahi kabla yake.