Jibu: Kupita nyuma ya Seljalandsfoss mwezi wa Januari

Mkuu, umeuliza kama Januari utaweza kupita nyuma ya maporomoko ya Seljalandsfoss, Iceland. Usitegemee sana. Maji yanaanguka kama mita 60, rasharasha zake zinaganda kwenye mawe na ngazi, na njia ile hufungwa mara kwa mara. Ukikuta mnyororo, usiuruke.

Buti hata ziwe na soli nene hazishiki barafu. Funga vyuma vya meno chini ya kiatu. Jinzi iache hotelini, ikilowa utatetemeka siku nzima. Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza karibu saa tano asubuhi, kwa hiyo usiwahi bure. Na mlango wa gari ushikilie vizuri unapofungua: upepo wa huko huung'oa, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipii.