Ceska imekataa kufungika baada ya kusafishwa: nifanye nini?

SWALI: Fundi, salamu. Nina bastola ya Ceska, CZ 75 Compact, niliyoinunua kihalali na cheti changu kiko sawa. Jumapili nilitoka kupiga shabaha, jioni nikaifungua niisafishe kama nilivyoonyeshwa dukani. Kuifungua hakukunisumbua, shida ilikuja kuirudisha. Ile pini ya pembeni yenye mkono inaingia hadi karibu mwisho kisha inagoma, imebaki kama milimita tatu. Nilipoigonga kidogo kwa nyundo ya mpira ikaingia, lakini slaidi ikawa inarudi nyuma nusu tu na kukwama. Nimeitoa tena na sasa vipande viko mezani. Mume wangu anasema tuigonge zaidi. Je, nimeiharibu?

JIBU: Dada yangu, umefanya vyema kuitoa na kuuliza. Nyundo irudi kwenye kisanduku, na mwambie shemeji nimeomba iwe hivyo. Pini hiyo, ambayo hapa nitaiita kizuizi cha slaidi (slaidi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), kila kitu kikiwa mahali pake huingia kwa nguvu ya kidole gumba. Ikikataa, kuna kipande ndani kilicho nje ya mstari. Ukigonga, unalazimisha chuma kupita pasipo na njia.

Kabla hatujagusa chochote: magazini iwe imetolewa, na risasi zote zihamishiwe chumba kingine. Najua bastola imeshafunguliwa, lakini dakika chache zijazo itakuwa nzima tena mkononi mwako, na wewe utakuwa umechoka na umekereka. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, risasi zisiwe hata mezani.

Nikueleze kwanza kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutahitaji kukariri hatua. Bastola hii ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, ikatoka mwaka 1975 katika kiwanda cha Uherský Brod. (Jina Ceska tulilolizoea hapa Kenya ni neno tu la Kicheki lililochongwa kwenye chuma, maana yake "ya Kicheki".) Chini ya mtutu, upande wa nyuma, kuna nundu ya chuma, na katika nundu hiyo kuna tundu lenye umbo la haragwe. Shina la kizuizi linapita tundu la fremu (kiwiliwili cha chini chenye mpini) upande wa kushoto, linapenya haragwe hilo, na kutokea tundu la fremu upande wa kulia. Matundu matatu, shina moja. Risasi inapopigwa, slaidi na mtutu hurudi nyuma pamoja vikiwa vimeshikana. Baada ya safari fupi, ule mwinamo wa haragwe unauvuta mtutu chini, mtutu unaachana na slaidi, na slaidi inaendelea nyuma peke yake ikitupa ganda.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawaelezwi. Springi kubwa ya chini ya mtutu imebanwa kati ya pua ya slaidi na nundu ya mtutu. Mtutu ukiwa umekaa sawasawa juu, ndani ya mifereji ya slaidi, springi hiyo inavisukuma vitu ambavyo tayari vimeshikana. Kwa hiyo slaidi na mtutu wake, kabla kizuizi hakijaingia, vinatakiwa viteleze kwenye fremu kama droo iliyopakwa nta, bila springi kukupinga. Ukihisi springi inakusukuma kabla ya kufika kwenye alama, jua mtutu umeshuka kutoka mahali pake. Hapo tundu la haragwe liko chini na halitakutana na matundu ya fremu. Nakushuku sana hapo, kwa sababu watu wengi huirudisha slaidi bastola ikiwa imesimama wima, na uzito wa mtutu unauangusha.

Kwa hiyo fanya kazi hii juu chini. Shika slaidi mkono wa kushoto, mgongo wake ukiangalia meza na tumbo likiangalia dari. Weka mtutu, ubonyeze ulale kabisa kwenye mifereji. Kisha springi na fimbo yake. Hapa kaa muda kidogo, maana nadhani hapa ndipo ilipotoka ile shida yako ya pili. Ingiza ncha ya mbele ya springi kwenye pua ya slaidi, ibane kwa kidole, halafu teremsha kichwa cha fimbo kikae katikati ya uso wa mbele wa nundu. Kiegemee kikamilifu, kisining'inie ukingoni. Springi ya bastola hii haijafungwa kwenye fimbo, ikikuponyoka itaruka hadi chini ya kabati, kwa hiyo vaa miwani. Ukimaliza, itazame kwa ubavu: fimbo na mtutu viwe sambamba, na springi iwe imenyooka mwanzo hadi mwisho. Ukiiona imejikunja mgongo kama paka aliyeshtuka, kichwa cha fimbo kimeteleza. Bastola iliyofungwa hivyo huonekana nzima kwa nje, ila ukivuta slaidi mizunguko ya springi inapandana na kubanana, na slaidi inakwama nusu ya njia, vile vile ulivyoeleza.

Wakati iko hivyo, kumbuka kwamba reli za Ceska ziko ndani: slaidi inapita ndani ya fremu, tofauti na bastola nyingi ambazo slaidi inaikumbatia fremu kwa nje. Kipande cha uzi wa kitambaa au chembe ya baruti iliyoungua ikibaki ndani ya mifereji ya fremu utaihisi. Pitisha kidole, futa, tia tone moja la mafuta kila upande. Tone tu. Mafuta mengi yanakusanya vumbi, na wiki ijayo utakuwa na uji mweusi mle ndani.

Fremu nayo iandae. Kijinyundo cha nyuma kivutwe kikae nyuma, kifungio cha usalama kiwe kimeachiwa. Kuanzia hapo kidole kisikaribie kifyatulio, kwa sababu mbili. Kijinyundo kikianguka bila slaidi kinagonga fremu yenyewe. Na kama bastola yako ina kizuizi cha pini ya kufyatulia, kama zile zenye herufi B baada ya namba 75, ukivuta kifyatulio kuna kijiti kidogo kinainuka ndani ya fremu mbele ya kijinyundo. Slaidi ikiingia wakati kimeinuka, inakigonga.

Sasa leta fremu, nayo juu chini, uitelezeshe kwenye reli za slaidi hadi zishikane vizuri. Ikikaza mwanzoni, irudishe nje na uanze upya. Ikishaingia unaweza kuigeuza iwe wima, kidole kimoja kikiwa chini ya pua ya slaidi.

Tazama ubavu wa kushoto, nyuma kabisa, karibu na kijinyundo. Kuna mistari miwili midogo, mmoja kwenye slaidi, mwingine kwenye fremu. Sukuma slaidi hadi mistari hiyo iwe mstari mmoja. Pale ndipo pengo la slaidi linakiruhusu kizuizi kupita, na ndipo haragwe linapokutana na matundu ya fremu. Ukiwa nyuma ya alama au mbele yake hata kwa upana wa ukucha, jino la kizuizi linagonga ukingo wa slaidi.

Kabla hujaingiza chochote, chukua tochi ya simu umulike tundu la kulia la fremu, wewe ukichungulia kutoka kushoto. Ukiona mwanga wa duara safi, uko tayari. Ukiona duara limeliwa upande mmoja na hilali ya chuma kinachong'aa, ile ni nundu ya mtutu. Hilali ikiwa mbele, sogeza slaidi mbele kidogo mno, na ikiwa nyuma, irudishe nyuma. Ikiwa ni juu au chini, mtutu haujakaa kwenye mifereji yake, na hapo dawa ni kutoa slaidi na kuanza upya. Kuchungulia huku kunachukua sekunde kumi, na mimi mwenyewe sijawahi kukuruka hata siku moja, ingawa nimefungua bastola hizi miaka mingi.

Duara likiwa safi, ingiza shina. Litapita matundu yote matatu kisha litasimama milimita chache kabla ya mwisho, hizo hizo tatu ulizozitaja. Usiogope hapo, na usigonge. Ubavuni mwa kushoto, ndani ya fremu, kuna springi ndogo ambayo kazi yake ni kukisukuma kizuizi chini, ili slaidi isijifunge nyuma wakati magazini bado ina risasi. Kizuizi kinatakiwa kiingie chini ya springi hiyo. Kama kimeikuta uso kwa uso, kitakataa. Bonyeza kwa kidole gumba huku ukiutikisa mkono wa kizuizi juu na chini taratibu, upana wa nusu milimita hivi, na utakisikia kikizama kwa mlio mfupi. Usiuzungushe mkono huo kwa duara kubwa kutafuta njia. Nimepokea bastola nyingi zenye mkwaruzo wa mwezi mchanga ubavuni, rangi imetoka, na wenyewe wanauliza kama unaweza kufutika. Haufutiki.

Ikiwa bastola bado ni mpya, kuna jambo jingine la kuzingatia. Nyingi zimepakwa rangi ngumu nyeusi iliyookwa, na ndani ya matundu rangi hiyo inalibana shina. Tone la mafuta kwenye shina linatosha, na baada ya kuifungua mara kadhaa itazoea.

Sasa kuhusu swali lako la mwisho, kama umeiharibu. Fremu na slaidi sidhani, nyundo ya mpira ni laini. Ninachokihofia ni kizuizi chenyewe. Katika familia hii ya CZ 75 shina la kizuizi ndilo linalobeba kishindo cha mtutu kila risasi ipigwapo, na linajulikana kwa kukatika baada ya matumizi mengi. Wapigaji shabaha makini huwa na la akiba mfukoni. Lako limegongwa likiwa limebanana na jino likiwa limeikuta springi. Lifute, lilaze juu ya kioo cha meza na ulibingirishe: likiyumba, limepinda. Kisha lisogeze chini ya mwanga, tumia kioo cha kukuzia kama unacho, utazame pale shina linapoungana na mkono. Mstari mwembamba kama unywele pale ni ufa. Ukiuona, au ukihisi ukucha unanasa, kizuizi hicho kisirudi kwenye bastola. Mwangalie pia yule springi mdogo ndani ya fremu, kama bado amenyooka na anarudi ukimbonyeza.

Ikishafungika, ijaribu kabla hujaiamini. Magazini nje, chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) tupu, umeiona kwa macho na umeigusa kwa kidole, mdomo wa bastola ukielekea mahali salama. Vuta slaidi hadi mwisho mara tano: irudi yote, bila kusita katikati. Vuta kijinyundo nyuma, weka kifungio cha usalama, bonyeza kifyatulio, kijinyundo kisianguke. Fungua usalama, bonyeza, kianguke. Shikilia kifyatulio nyuma bila kukiachia, vuta slaidi na uiache irudi: kijinyundo kibaki nyuma. Achia kifyatulio polepole hadi usikie mlio mdogo, kisha bonyeza tena, kianguke. Mwisho ingiza magazini tupu na uvute slaidi, ijifunge nyuma yenyewe. Isipojifunga, au ikijifunga bila magazini, huenda ile springi ndogo haiko mahali pake. Majaribio ya kufyatua patupu yafanye kwa risasi bandia za mazoezi kwenye chemba. Katika zile za herufi B kufyatua patupu mara nyingi kunaiumiza pini ndogo inayoizuia pini ya kufyatulia, na hiyo ni gharama usiyoihitaji.

Jaribio moja likishindikana, usitie risasi na usiibebe kiunoni. Iweke kwenye kisanduku chenye kufuli, chukua cheti chako, uipeleke kwa fundi aliyesajiliwa, na umwambie waziwazi kwamba kizuizi kiligongwa. Wengi huona haya kusema, na fundi anapoteza saa nzima akitafuta tatizo mahali pengine. Na hata kama kila jaribio limepita, agiza kizuizi kipya kupitia muuzaji mwenye leseni. Hicho cha zamani kitumie kwa mazoezi ya kufunga na kufungua mezani mpaka mikono izoee alama zile mbili, halafu kipya kiingie siku utakaporudi kwenye shabaha.