Seviche: ndimu, pilipili na samaki asiyeona moto

SWALI: Dada, hoteli moja hapa Arusha walinionjesha seviche: vipande vya samaki mbichi, ndimu, pilipili na kitunguu. Mhudumu anasema ndimu inampika samaki. Kweli? (Njiro)

JIBU: Inambadilisha sura. Asidi hukaza protini, nyama ikawa nyeupe kama ya kuchemshwa, lakini minyoo ya samaki huweza kubaki hai, na pilipili haiiwezi pia. Kinachoiua ni moto au kugandisha: Wamarekani hushauri nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza inayozimika kila umeme ukikatika haimo. Muulize mpishi samaki aligandishwa vipi. Akirudia habari za ndimu, agiza kuku.

SWALI: Sasa faida yake ni ipi? (Soweto, Moshi)

JIBU: Ya samaki mwenyewe. Gramu 100 za jodari zina protini kama gramu 23, mafuta kidogo, vitamini B12 na madini ya seleni. Ukitafuta mafuta mazuri ya omega-3, vibua wanamzidi, na bei yao haiumi. Ndimu na pilipili mbichi zinaleta vitamini C. Lakini jodari wa kuchoma, ukimkamulia ndimu na kumwekea kachumbari kali, anakupa karibu hayo yote. Ubichi unaongeza ladha tu.

SWALI: Shikamoo mama. Nina mimba ya miezi mitano, nile? (Sakina)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, subiri ujifungue. Samaki mbichi anaweza kuwa na bakteria wa listeria, hatari kwa mtoto tumboni.

SWALI: Naweza kutumia perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu? (Pasua, Moshi)

JIBU: Mkaange. Samaki wa maji baridi wana minyoo yao, na seviche ya pwani ya Peru, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2023, hutegemea samaki wa bahari. Hata jodari au nguru wa kutoka Tanga, angalia barafu. Akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini, ambayo haiondoki kwa kugandisha wala kwa kupika: uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha.

SWALI: Pilipili italeta vidonda vya tumbo? (Ngarenaro)

JIBU: Vingi huletwa na bakteria aina ya H. pylori, au dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Ila kama tayari unavyo na pilipili inakuchoma, ipunguze, ukapime.