Kuhamishia kompaila ya Lisp kwenye ARM64

Mdogo wangu wa Ubungo, umesema kompaila yako ya Lisp, yaani programu inayogeuza lugha hiyo kuwa amri za prosesa, inafanya kazi vizuri kwenye x86-64 (prosesa za Intel na AMD) na sasa unataka itoe msimbo wa ARM64 (prosesa za simu nyingi). Usianze kwa kubadilisha amri moja moja, utapoteza miezi bure.

Kwanza tenga sehemu inayoijua prosesa na ile isiyoijua. Fungua msimbo wa SBCL, kompaila huria ya Lisp, uone: kila prosesa ina folda yake, mengine ni ya wote.

Hesabu ndiyo itakayokusumbua. Kwenye x86, amri ya kuzidisha `imul` huinua bendera (alama ndani ya prosesa) jibu likizidi nafasi ya rejista, nawe unahamia namba kubwa, zile zinazochukua nafasi zaidi ya rejista moja. `mul` ya ARM64 haiinui bendera yoyote. Chukua nusu ya juu ya jibu kwa `smulh` ulinganishe mwenyewe na nusu ya chini, uone kama jibu limezidi. Kugawa kwa sifuri ni kubaya zaidi, maana x86 inapiga kelele, ARM64 inakurudishia 0 kimyakimya na programu inaendelea kama hakuna kilichotokea. Weka ukaguzi kabla ya `sdiv`, amri yake ya kugawa.

Halafu, ukishaandika msimbo kwenye kumbukumbu, safisha kashe ya amri (kumbukumbu ndogo ya haraka ambamo prosesa huweka amri, na inaweza kubaki na za zamani) kabla ya kuurukia. Ukisahau, programu inaweza kuanguka leo, kesho ikapita, nawe usijue kwa nini.

Kibao cha ARM, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, usikikimbilie Kariakoo bado. QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, inatosha kwa majaribio ya mwanzo, ila kosa hilo la kashe inalificha. Kwa hiyo kabla hujatoa toleo, azima simu ya Android ya 64-biti, weka Termux, app ya kuendesha programu za Linux kwenye simu, ujaribu humo.