Lengo la Mwaka Liwe Kitu Kinachosikika

Mwaka ukikaribia kugeuka, sisi wanamuziki wa ridhaa hushikwa na homa moja. Daftari jipya linafunguliwa na ukurasa wa kwanza unajaa maneno makubwa: kuwa mpiga gitaa hodari, kuijua nadharia ya muziki, kusoma nota, kutunga nyimbo, kufanya mazoezi saa mbili kila siku. Kufika mwezi wa tatu, mwenye daftari hataki hata kuliona. Watu humwita mvivu, na yeye mwenyewe hujiita hivyo, lakini mara nyingi uvivu haumo. Ameandika mambo yasiyopimika. Leo atajuaje kwamba amekuwa hodari? Na Jumatatu ijayo je?

Kwako wewe uliyeshika ala juzijuzi nina ushauri mmoja mkubwa, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: andika lengo ambalo mtu aliyekaa chumba cha pili anaweza kulisikia, akasema limefikiwa au bado. "Kupiga wimbo fulani mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, bila kusimama" linasikika. "Kuimba sauti ya pili huku mwenzangu anaimba ya kwanza, nisivutwe upande wake" linasikika. "Kuboresha ufundi wangu" halisikiki hata kidogo, ingawa ndilo linalopendeza zaidi kwenye karatasi.

Kabla ya kuandika chochote, jirekodi. Simu inatosha. Iweke hatua mbili tatu kutoka ulipo, piga nyimbo tatu unazodhani unazijua, kisha usisikilize siku hiyo. Sikiliza kesho yake ukiwa na kalamu. Ukisikiliza papo hapo, mikono bado inakumbuka ilichokusudia kufanya, nawe utasikia nia yako badala ya sauti iliyotoka.

Anayeanza huogopa nota zilizokosewa. Rekodi mara nyingi humwonyesha jambo jingine kabisa: mwendo. Sehemu rahisi amezikimbiza, sehemu ngumu amezivuta, na kila alipobadilisha kordi (sauti kadhaa zinazolizwa pamoja) kuna kipengo kidogo ambacho mguu wake, uliokuwa ukihesabu mapigo, ulikisubiri kwa adabu. Mwimbaji naye hugundua kuwa mwisho wa kila mstari sauti inashuka kwa sababu pumzi imekwisha. Hayo ndiyo malengo yako. Yametoka kwenye sauti yako, hukuyaazima kwa mtu anayepiga vizuri kuliko wewe.

Sasa tuchukue lengo moja tulitazame kwa karibu, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Karibu kila anayejifunza gitaa ataandika "kuijua F", ile kordi ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza kati ya vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Anabana kwa nguvu zote mpaka mkono unawaka moto, nyuzi mbili hazilii, anaacha. Lakini hebu hesabu, ukianzia uzi mwembamba kuliko yote kuwa wa kwanza. Uzi wa tatu umeshikwa na kidole cha kati, wa tano na wa nne zimeshikwa na cha pete na kidogo. Kidole cha shahada kinatakiwa kuliza nyuzi tatu tu: wa kwanza, wa pili na wa sita. Nguvu unazozimwaga katikati ya kidole hazina kazi. Uzi ambao haulii mara nyingi ni wa pili, kwa kuwa umeangukia kwenye mkunjo wa kiungo. Sogeza kidole juu au chini kidogo sana, kigeuze kilalie ubavu wa upande wa dole gumba, rudisha kiwiko karibu na mwili, na ujaribu tena uzi mmoja mmoja.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Karibu na kichwa cha gitaa nyuzi ni ngumu zaidi kubana. Umbo lilelile la vidole lipeleke freti ya tano, utaona linalia kwa taabu ndogo. Likae huko wiki moja au mbili, halafu lishushe freti moja baada ya nyingine. Ukishafika chini, lengo lisiwe tena "kuijua F". Liwe: kutoka C kwenda F na kurudi, mara 30 kwa dakika moja, nyuzi zote zikilia. Washa saa ya simu, hesabu, andika namba. Leo ikiwa 11 na wiki ijayo 14, hakuna haja ya kumuuliza mtu kama unaendelea.

Lengo la aina hiyo hulazimisha kasi iwe namba, na kasi ina hila zake. Metronomu, kifaa cha kugonga mapigo kwa mwendo unaouchagua, ambayo Johann Maelzel aliipatia hataza mwaka 1815 ilikuja kuwa na alama ambazo bado utaziona kwenye metronomu za mshale: 60, 63, 66, 69, 72, 76, 80, 84. Angalia nafasi kati yake. Kule chini hatua ni tatu tatu, juu kidogo ni nne nne, na ukifika 120 zinakuwa sita. Kwa makadirio, kila hatua ni nyongeza ya sehemu moja ya ishirini ya mwendo uliopo. Iga hivyo hivyo. Tafuta mwendo ambao unaweza kupiga kipande mara tatu mfululizo bila kosa, hata kama ni wa konokono, ndipo upande hatua moja. Anayeruka kutoka 60 hadi 80 kwa siku moja huwa amefunza vidole makosa, na kufuta kosa lililozoeleka kunachukua muda kuliko kujifunza upya.

Na usianzie wimbo mwanzo kila siku. Nyimbo za wanaoanza zina mistari minne ya kwanza inayong'aa na mistari ya mwisho inayochechemea, kwa sababu kila mazoezi yameanzia palepale na kuishia pale palipokwama. Anza na mstari wa mwisho. Ukishakaa, ongeza ulio kabla yake. Hivyo kadiri unavyoendelea na wimbo, unaingia mahali unapopajua zaidi.

Kuhusu saa za mazoezi: futa ile "saa mbili kila siku". Ile hesabu inayorudiwa kila mahali, kwamba ubingwa unahitaji saa 10,000 za mazoezi, chimbuko lake ni utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, juu ya wapiga fidla waliokuwa wakisomea muziki Berlin. Ilikuwa wastani wa kundi bora walipofika umri wa miaka 20, watu waliokuwa wanajiandaa kuishi kwa muziki. Haikuwa kizingiti cha kuvuka, na haikuhusu mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni akiwa na njaa. Kilicho na faida kwetu katika utafiti ule ni namna yao ya kufanya mazoezi: walielekeza akili pale wanaposhindwa, kwa vipindi vyenye mapumziko kati yake. Dakika 20 kila siku zenye swali moja la kujibu zitakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi. Tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kuwa kinachorudiwa kwa kuachanisha siku hukaa kichwani kuliko kinachorundikwa siku moja.

Mwaka wenyewe nao usiuhesabu wote. Una wiki 52 kwenye kalenda, lakini kutakuwa na homa, mitihani, safari, misiba, na wiki ambazo huna hamu tu. Mimi nawaambia watu wapange kwa wiki 40. Atakayebaki na wiki za ziada atakuwa na cha kuzifanyia.

Malengo yawe mangapi? Mshika mbili moja humponyoka, lakini kwenye muziki nadhani matatu yanashikika iwapo hayagombani. La kwanza ni lile kubwa linalosikika. La pili liwe la sikio, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kila mwezi chagua wimbo mfupi unaoujua kwa kuusikia, uimbe kwanza kwa mdomo mpaka uwe na uhakika, halafu utafute kwenye ala bila nota wala video ya kuelekeza. Anza kwa kutafuta "do" yake, yaani sauti ambayo wimbo ukifika hapo unajisikia umefika nyumbani. Mwezi wa kwanza utakuchukua jioni nzima na utakasirika. Nyimbo 12 baadaye utaanza kukisia kordi inayokuja kabla haijafika, na ujuzi huo utautumia kwenye kila ala utakayowahi kushika.

La tatu ni kutunza. Chagua nyimbo tano ulizokwisha kuziweza, na kila wiki pitia angalau mbili. Utashangaa ni wapigaji wangapi wamejifunza nyimbo 40 na hawana hata moja ya kupiga wakiombwa ghafla.

Ukubwa wa lengo kuu ni suala la hukumu, na hapa nina msimamo. Chagua kitu ambacho ungeweza kukimaliza kwa miezi minane. Alexander Borodin, mkemia wa Urusi aliyetunga muziki kwenye nafasi alizopata kati ya maabara na wanafunzi wake, alianza opera yake ya "Prince Igor" mwaka 1869 na alifariki mwaka 1887 hajaimaliza. Watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov ndio walioikamilisha. Kazi ni nzuri mno, lakini si kila mtu ana marafiki wa namna hiyo.

Katikati ya mwaka kaa chini na daftari lako tena. Lengo ambalo hujaligusa tangu mwezi wa pili lina mawili: ama ni kubwa, likatwe vipande, ama hukulitaka kweli, lilikuwa linasikika vizuri mbele ya watu. La namna ya pili lipigie mstari bila huruma. Kusoma nota, kwa mfano, ni ujuzi mzuri, na anayetaka kupiga na okestra au kuingia kwaya inayotumia karatasi hana njia ya mkato. Anayetaka kuwapigia rafiki zake gitaa jioni anaweza kuishi mwaka mzima bila hiyo. Wengine hubeba lengo hilo miaka mitano kama adhabu.

Mwili usiuache nyuma. Maumivu ya kiganja au ganzi ya vidole si dalili ya bidii, ni amri ya kusimama. Mtunzi Robert Schumann aliharibikiwa na mkono wa kulia miaka ya mwanzo ya 1830, na ndoto ya kuwa mpiga piano wa majukwaani ikaishia hapo. Masikio nayo yana bajeti. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, inapendekeza sauti isizidi desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, chumba cha mazoezi chenye ngoma na spika kikifika desibeli 100, una dakika 15 tu. Vizibo vya masikio viwe kwenye mkoba wa ala, siku zote.

Limebaki suala la kupiga mbele ya watu. Pablo Casals, mpigaji mashuhuri wa selo (ala kama fidla kubwa), alizikuta nota za selo za mtunzi Bach akiwa na miaka 13, katika duka moja Barcelona, akazifanyia kazi takribani miaka 12 kabla ya kuthubutu kuzipiga hadharani. Kisa kinapendwa sana na walimu wanaofundisha subira. Kwa mwanamuziki wa ridhaa mimi nashauri kinyume chake. Panga tarehe mapema, waalike watu watatu wanaokupenda, waambie wimbo ni upi. Tarehe ikishajulikana na wengine, mazoezi ya Jumanne yanajifanya yenyewe.

Kitu kimoja kitakusumbua siku hiyo ambacho hukukizoea chumbani: ukikosea huwezi kurudi nyuma. Chumbani ukikwama unasimama, unaguna, unaanza mstari upya, na bila kujua umefanya mazoezi ya kusimama. Kwa hiyo wiki nne kabla, tenga siku moja kila wiki ya kupiga wimbo mzima bila kusahihisha chochote. Kidole kikiteleza, mapigo yaendelee. Ukipotea kabisa, nyamaza huku mguu ukihesabu, kisha ingia mwanzo wa mstari unaofuata. Weka alama za penseli kwenye karatasi, sehemu nne au tano ambazo unaweza kuingilia ukiwa umepotea, na uzifanyie mazoezi kwa kuanzia hapo ghafla, bila mpangilio. Kama unaimba, ziwe mwanzo wa kila beti na kiitikio. Mwombe mtu akutajie namba mojawapo, nawe uanzie hapo kabla hajamaliza kuvuta pumzi.