Kwa nini Marshall hakukikalia kiti cha Wilson
Umeuliza kwa nini makamu wa rais Thomas Marshall hakushika madaraka Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipopatwa na kiharusi Oktoba 1919. Katiba ya Marekani wakati ule haikusema nani aamue kwamba rais hajiwezi tena. Utaratibu huo ulikuja 1967. Edith, mke wa rais, na daktari wa rais walimficha mgonjwa, nyaraka zikawa zinapitia kwa mama huyo. Marshall mwenyewe alipenyezewa ukweli na mwandishi wa gazeti! Wengine humwita mwoga. Mimi namheshimu, maana alihofia kuigawa nchi. Kabla ya hapo alikuwa wakili, kisha gavana wa Indiana. Alifariki 1925 hotelini Washington, akisoma Biblia.